Umri wa Mwamba na Umri wa Umbo: Jinsi Afrika Ilivyopata Sura Yake

Anayefika Mwanza kwa mara ya kwanza akitokea ziwani huyaona mawe kabla hajauona mji vizuri. Karibu na bandari limesimama Jiwe la Bismarck, majabali yaliyopandana majini, na nyuma yake vilima vya Bugando, Isamilo na Igogo vimejaa majabali makubwa kuliko nyumba zilizojengwa katikati yake. Mengine yamekaa juu ya mengine kwa namna inayomfanya mtu adhani yataporomoka wakati wowote. Ukiuliza yalifikaje pale, utaambiwa kuwa yalitupwa na volkeno, au yaliletwa na mafuriko makubwa ya zamani. Jibu la jiolojia ni tofauti na, kwa maoni yangu, linashangaza zaidi: mawe yale hayakuletwa na chochote. Yalikuwa palepale, na kilichoondoka ni udongo na mwamba dhaifu uliokuwa umeyafunika na kuyazunguka.

Mkanganyiko mwingi kuhusu mandhari ya Afrika unatokana na kuchanganya mambo mawili. Kila umbo la ardhi lina umri wa mwamba wake, yaani wakati mwamba huo ulipoganda, uliposhindiliwa au ulipogeuzwa na joto na mgandamizo. Na lina umri wa umbo lenyewe, yaani wakati mwamba huo ulipoinuliwa, ulipozama au ulipochongwa hadi ukawa jinsi tunavyouona leo. Umri wa kwanza unaweza kuzidi ule wa pili kwa mabilioni ya miaka. Mtu akiishika tofauti hii, ataelewa kwa nini milima miwili inayotazamana inaweza kuwa haina uhusiano wowote wa asili, na kwa nini mwamba wa kale kabisa unaweza kukutwa kwenye kilele cha mlima mchanga.

Tuanze na sakafu. Chini ya sehemu kubwa ya katikati na kaskazini-magharibi mwa Tanzania kuna kipande cha ganda la dunia ambacho wanajiolojia hukiita kratoni ya Tanzania. Miamba yake ina umri wa kati ya miaka bilioni 2.5 na bilioni 3, ilhali dunia yenyewe ina umri wa miaka bilioni 4.5 hivi. Afrika imeundwa kwa vipande kadhaa vya namna hii, vikiwamo vya Kongo, Zimbabwe, Kaapvaal kule Afrika Kusini, na kile cha Afrika Magharibi. Na kati yake kuna mikanda ya miamba iliyosagwa, ikakunjwa na kupikwa wakati vipande hivyo vilipogongana. Kratoni ni ngumu, ni baridi na ina mzizi mrefu: ule wa Tanzania unashuka zaidi ya kilomita 150 kwenda chini. Ndani ya sakafu hii mna mikanda ya lava za kale zilizogeuzwa, na humo ndimo ilimo dhahabu ya Geita na ya maeneo mengine yanayolizunguka Ziwa Viktoria. Sehemu kubwa iliyobaki ni graniti na jamaa zake.

Graniti ya Mwanza ni mwamba moto. Iliganda kutoka katika magma, yaani mwamba ulioyeyuka kwa joto, kilomita kadhaa chini ya uso wa nchi, na kwa sababu ilipoa polepole chembe zake zilipata nafasi ya kukua hadi zikaonekana kwa macho. Ukilitazama kwa karibu jiwe lililopasuliwa na wagonga kokoto, utaziona: chembe angavu za kwazi, chembe nyeupe au za waridi za felispa, na vipande vyembamba vya ulanga mweusi. Miamba iliyokuwa juu yake ilimomonyoka kwa muda mrefu mno, graniti ikapunguziwa mzigo, ikatanuka kidogo, nayo ikapasuka kwa nyufa za wima na za mlalo zilizoigawa katika vipande vikubwa vyenye pembe. Maji ya mvua, ambayo hupata asidi kidogo hewani na kwenye udongo wenye mizizi, yalipenya katika nyufa hizo na kuanza kuigeuza felispa kuwa udongo wa mfinyanzi. Kona ya kila kipande ilishambuliwa kutoka pande tatu, ukingo kutoka pande mbili, na uso bapa kutoka upande mmoja tu. Ndiyo maana kona ziliisha kwanza, na kipande kilichokuwa na pembe kikaelekea kuwa mviringo.

Kazi yote hiyo ilifanyika chini ya ardhi, pasipo kuonekana. Baadaye nchi ilipoinuka na mito ikapata nguvu ya kuchimba, udongo ule uliolegea uliondolewa na mvua, na majabali yakabaki wazi, kila moja likiwa limeketi juu ya lile lililokuwa chini yake tangu mwanzo. Jiwe la juu halijawahi kupandishwa popote. Mwamba wake una mabilioni ya miaka, lakini kusimama kwake wazi juani ni jambo la karibuni sana kwa hesabu za jiolojia. Kwazi, ambayo maji hayaiwezi kirahisi, haikugeuka kuwa udongo. Ilibaki kuwa mchanga, na sehemu kubwa ya mchanga wa mitoni na ufukweni imeanzia kwenye miamba ya namna hii.

Mawe ya Singida na vilima vya mawe vya Dodoma vilipatikana kwa njia hiyohiyo, na kadhalika Kit Mikayi karibu na Kisumu, ambapo majabali marefu yamesimama wima kwa kufuata nyufa zake. Kwenye Serengeti hadithi ina sura ya ziada. Vilima vya mawe ambavyo simba hupenda kulalia ni vilele vya sakafu ya kale, lakini nchi tambarare inayovizunguka upande wa kusini imefunikwa na majivu ya volkeno yaliyopeperushwa kutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Majivu hayo, yakilowa na kukauka mara kwa mara, hufanya tabaka gumu chini kidogo ya uso ambalo mizizi ya miti hushindwa kulipenya, na nyasi fupi zenye madini mengi hustawi. Kwa hiyo nyumbu wanaozaa pale kila mwaka wanategemea volkeno ambazo nyingi zimekwisha kuzimika.

Ukisafiri kwa barabara kutoka Segera kwenda Moshi, mkono wako wa kulia utaandamana kwa saa kadhaa na kuta za milima ya Usambara na Upare, kisha Kilimanjaro itatokea mbele. Wasafiri wengi huihesabu yote kuwa ni milima ya aina moja. Ukweli ni kwamba Usambara, Upare, Uluguru na Udzungwa haikuwahi kuwa volkeno. Miamba yake ni miamba geu iliyopikwa kilomita nyingi chini ya ardhi takriban miaka milioni 600 iliyopita, wakati mabara ya kale yalipogongana na kuunganika kuwa bara moja kubwa la Gondwana. Mgongano huo uliacha ukanda mrefu wa miamba unaopita Msumbiji, Tanzania na Kenya na kuendelea kaskazini, na katika ukanda huo ndimo yalimozaliwa madini ya tanzanaiti yanayochimbwa Merelani, yaliyotambuliwa mwaka 1967. Milima mirefu iliyosimamishwa na mgongano ule ilikwisha kusagika hadi ikalingana na ardhi. Usambara tunayoiona si mabaki ya kilele chake. Ni kipande cha msingi wake kilichoinuliwa upya, baada ya zama nyingi, pale ardhi ilipopasuka na upande mmoja wa ufa ukapanda huku mwingine ukishuka. Ule ukuta ulio wima juu ya Mombo ni uso wa mpasuko huo, ambao mvua zimeurudisha nyuma na kuuchonga.

Gondwana ilidumu kwa mamia ya mamilioni ya miaka, na mambo yaliyotokea humo yanaeleza sehemu kubwa ya nusu ya kusini ya bara. Miaka milioni 300 hivi iliyopita, Afrika ya kusini ilikuwa karibu na ncha ya dunia na ilifunikwa na barafu nene, ambayo iliacha mikwaruzo juu ya miamba inayoonekana hadi leo karibu na Kimberley. Barafu ilipoyeyuka zikaja enzi za mabwawa na misitu, na mabaki ya mimea yake yakawa makaa ya mawe, yakiwamo ya Kiwira, Ngaka na Mchuchuma. Kisha, miaka milioni 180 hivi iliyopita, Gondwana ilipoanza kupasuka, lava ya basalti ilibubujika kupitia nyufa ndefu na kuifunika nchi tabaka juu ya tabaka. Drakensberg na milima ya Lesotho ni kingo za lava hiyo, ambayo bado ina unene wa zaidi ya mita 1,000 katika baadhi ya sehemu.

Basalti ya enzi hiyohiyo ndiyo inayobeba maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, au Viktoria, kati ya Zambia na Zimbabwe. Mto Zambezi hapo una upana wa mita 1,708 na unaanguka mita 108, lakini kinachostahili kutazamwa zaidi, ingawa watalii wengi hukipita, ni umbo la korongo lililo chini ya maporomoko. Halikunyooka. Linakwenda mashariki, linakata kona kali, linarudi magharibi, linakata kona tena. Sababu yake ni kwamba basalti ile ina nyufa ndefu za mashariki hadi magharibi zilizojazwa vitu laini. Mto ulipofika kwenye ufa mmoja uliuchimba wote kwa upana wake, maporomoko yakasimama hapo. Kisha sehemu moja ya ukingo ikaliwa kurudi nyuma hadi ufa uliofuata, na kazi ikaanza upya. Kila kipande cha mashariki hadi magharibi katika korongo ni mahali ambapo maporomoko yaliwahi kuwapo, na yale ya leo huhesabiwa kuwa ya nane. Upande wa magharibi, penye Devil's Cataract, maji yamekwisha kuanza kukata mstari mwingine. Lava ina miaka milioni 180, ilhali ukuta ambao maji yanaangukia leo ni kazi ambayo mto haujaimaliza.

Mlima wa Meza kule Cape Town ni kisa kifupi zaidi. Ni mwamba mchanga mgumu, yaani mchanga ulioshikamana ukawa jiwe, uliotandazwa kwa tabaka za mlalo juu ya msingi wa graniti yenye umri wa miaka milioni 540 hivi. Ni mabaki ya uwanda uliokuwa mpana zaidi, na mkato wa tabaka hizo za mlalo ndio ulioupa mlima kilele bapa.

Sasa tuje kwenye swali ambalo kwangu ndilo kiini cha mambo yote: kwa nini nusu ya kusini na mashariki ya Afrika iko juu kiasi hiki? Sehemu kubwa yake iko mita 1,000 au zaidi juu ya usawa wa bahari, na hakuna mabara mawili yanayogongana hapo kama ilivyo kwa India na Asia. Mawimbi ya matetemeko ya ardhi yanayopimwa baada ya kupita ndani ya dunia yameonyesha kwamba chini ya Afrika kuna eneo kubwa mno la miamba yenye joto, linaloanzia kwenye mpaka wa kiini cha dunia, kilomita karibu 2,900 chini, na kupanda kwa kuelekea mashariki na kaskazini. Joto hilo linaisukuma nchi kutoka chini. Ganda la juu likiinuliwa hivyo hutanuka, na likitanuka hupasuka. Miaka milioni 30 hivi iliyopita lava nyingi ilitandaa Ethiopia na kujenga nyanda zake za juu, na kuanzia hapo ufa umekuwa ukielekea kusini.

John Walter Gregory, mwanajiolojia wa Uingereza, alifika Kenya mwaka 1893 na akaeleza kwamba bonde lile kubwa halikuchimbwa na mto, bali ni ukanda wa ardhi uliozama kati ya mipasuko miwili inayokwenda sambamba. Maelezo hayo bado yanasimama. Lililoeleweka baadaye ni sababu ya Bonde la Ufa kugawanyika katika matawi mawili. Ufa ulipokutana na kratoni ya Tanzania, yenye ugumu na mzizi mrefu, haukuweza kuipasua, uliizunguka. Tawi la mashariki likapita Ethiopia, Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na la magharibi likapita Ziwa Albert, Kivu na Tanganyika, kila moja likifuata miamba dhaifu ya mikanda ya kale. Kwa maneno mengine, tukio la mabilioni ya miaka iliyopita ndilo lililoamua mahali patakapotokea maziwa ya leo.

Tofauti ya maziwa hayo inaeleweka papo hapo. Tanganyika limo ndani ya ufa wenyewe, ndiyo maana lina kina cha mita 1,470 na sakafu yake iko mamia ya mita chini ya usawa wa bahari. Duniani ni Baikal tu linalolizidi kina. Ziwa Viktoria, ingawa eneo lake ni kubwa kuliko ziwa lingine lolote la Afrika, lina kina cha mita 80 hivi tu, kwa kuwa halimo katika ufa. Limekaa juu ya kratoni, katika bonde la kina kifupi lililo kati ya matawi mawili. Mito kama Kagera na Katonga iliwahi kutiririka kuelekea magharibi; mabega ya ufa wa magharibi yalipoinuka yakaizuia, maji yakarudi nyuma na kujaa. Miaka 15,000 hivi iliyopita, hali ya hewa ilipokuwa kavu, ziwa hilo lilikauka, jambo ambalo kina kama cha Tanganyika kisingeliruhusu.

Ufa uliifungulia magma njia, nayo ikajenga milima ya aina yake. Kilimanjaro yenye mita 5,895 ni volkeno tatu zilizoota pamoja: Shira, iliyokwisha kuporomoka na kuliwa; Mawenzi, iliyochongwa hadi ikabaki meno ya mawe; na Kibo, ambayo ingali na umbo la volkeno na mashimo yanayotoa gesi. Mlima Kenya ulikuwa wa namna hiyo pia, lakini ni wa zamani zaidi, na barafu imeukwangua kiasi kwamba kilele chake cha Batian, mita 5,199, ni magma iliyogandia kooni mwa volkeno. Rwenzori, mita 5,109, haina volkeno ndani yake hata kidogo: ni kipande cha miamba geu ya kale kilichosukumwa juu na mipasuko ya tawi la magharibi. Ni milima mitatu mirefu kuliko yote barani, na theluthi moja ya orodha hiyo haina uhusiano na lava.

Ol Doinyo Lengai, mlima mtakatifu kwa Wamaasai, unastahili kutazamwa kwa karibu. Lava ya kawaida imejaa silika, kitu kilekile kinachounda kwazi, na mara nyingi hutoka ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za selisiasi. Lava ya Lengai imejaa kaboneti za sodiamu na potasiamu, na hutoka ikiwa na nyuzi kati ya 500 na 600 tu. Mchana inaonekana nyeusi, nyepesi kama mafuta ya kupikia, na ikishaganda na kupata unyevu hugeuka nyeupe ndani ya muda mfupi, kiasi kwamba aliye mbali hudhani kileleni kuna theluji. Hakuna volkeno nyingine hai duniani inayojulikana kutoa lava ya aina hiyo. Majivu yenye kaboneti yana tabia ya kuwa magumu yakilowa, na tabia hiyo imeihudumia historia ya binadamu: kule Laetoli, majivu ya volkeno yaliyolowa mvua yalishika nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita.

Upande wa magharibi kuna hatari kubwa zaidi. Lava ya Nyiragongo, volkeno iliyo mashariki mwa Kongo, ina silika kidogo na hutiririka kwa kasi inayoweza kumshinda mtu anayekimbia. Iliingia Goma Januari 2002 ikakata mji hadi ziwani, na ikatoka tena tarehe 22 Mei 2021. Naona ni haki kusema kwamba kwa wakazi wa Goma jiolojia si elimu ya ziada, na kwamba vipimo vya mitetemo na gesi vinastahili fedha za uhakika kila mwaka, si baada ya maafa tu. Kusini, pale matawi mawili yanapokaribiana, volkeno za Rungwe zimeacha kumbukumbu ya upole zaidi: Daraja la Mungu, mwamba wa volkeno unaovuka mto Kiwira huku maji yakipita chini yake.

Kaskazini mwa bara kanuni ni zilezile, ila ukame umebadilisha vifaa vya uchongaji. Mchanga umefunika robo moja tu ya Sahara, au pungufu. Sehemu iliyobaki ni mawe na changarawe. Nguzo za mwamba mchanga za Tassili n'Ajjer nchini Algeria, zinazofanana na msitu usio na majani, zilikatwa hasa na maji katika enzi za mvua, na upepo uliobeba mchanga ukamalizia. Michoro ya ng'ombe na watu iliyomo humo ni ushahidi kwamba mvua hizo zilinyesha hadi miaka elfu chache tu iliyopita. Milima ya Atlas, yenye kilele cha Toubkal cha mita 4,167, ni tofauti na yote tuliyoitaja, kwa kuwa iliinuliwa na msukumano kati ya Afrika na Ulaya.

Ukiacha lava za karibuni, pwani ya Waswahili ina mwamba ulio mchanga sana kwa umri. Majabali makali yanayokata miguu kule Unguja mashariki, Mombasa na Lamu ni matumbawe yaliyoishi baharini. Sehemu kubwa ilijengwa miaka 125,000 hivi iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita 6 hadi 9. Bahari iliposhuka, miamba hiyo ikaachwa nchi kavu. Mafundi wa Kilwa, Lamu na Mji Mkongwe waliijua vizuri: mawe ya nchi kavu kwa kuta, chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayohayo, na matumbawe hai yaliyokatwa yangali laini kwa nakshi za mihrabu.

Visiwa vyenyewe vina asili mbili. Kati ya Unguja na bara bahari ni ya kina kifupi, hivyo miaka 20,000 hivi iliyopita, maji yalipokuwa chini kwa mita 120, watu na wanyama waliweza kuvuka kwa miguu. Ndiyo sababu Unguja ilikuwa na chui wake. Pemba imetengwa na bara kwa mkondo wenye kina cha mamia ya mita, uliotokana na mipasuko ya ardhi, na kushuka kwa bahari hakukuufunga. Chui hawakufika huko, na popo wakubwa wa Pemba, ambao mabawa yao hayakuhitaji njia ya nchi kavu, hawapatikani mahali pengine popote duniani.